Je, Wajua? Alama Ndogo Zinazokata Maneno, kutoka Kanyangi hadi Tumboni mwa Kompyuta

Muwa haukatwi popote. Unatafuta kifundo, unapiga panga pale, na pingili inatoka nzima. Kompyuta nayo hula maneno kwa pingili: inapokea mstari mrefu wa herufi, inatafuta alama iliyosimama kama kifundo, inakata. Wanaoandika programu kwa lugha ya C huuita mstari huo stringi, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya uzi, kwa sababu herufi zimetungwa moja baada ya nyingine kama shanga. Alama ya kukatia huitwa kitenganishi. Yaweza kuwa mkato, kinyota, mkwaju, au hata nafasi tupu kati ya maneno.

Nimekuwa nikiyakusanya maajabu ya alama hizi kwa muda, na nikashangaa ni mangapi kati yake yamelala katika simu, risiti na majina ya kaunti za Kitui na Makueni. Basi tuanzie hapo.

TOKENI YA STIMA NA TOKENI YA C NI NENO MOJA

Amri maarufu kuliko zote ya kukata stringi katika lugha ya C inaitwa strtok, na hiyo "tok" ya mwisho ndiyo tokeni, neno lile lile unalolitamka stima ikikaribia kuisha. Kwa mwandishi wa programu, kila kipande kinachotoka baada ya kukata ni tokeni.

Na tazama ujumbe wa tokeni unapoingia kwenye simu yako baada ya kulipia stima: tarakimu 20, zimepangwa nne nne, makundi matano, katikati vistari vinne. Ukifika kwenye mita, hivyo vistari huvibonyezi, kwa maana mita haina hata kitufe cha kistari. Viliwekwa kwa ajili ya jicho lako peke yake. Jaribu kusoma tarakimu 20 mfululizo gizani kwa mwanga wa tochi ya simu, uone utakavyopotea njiani. Mfumo huo wa tarakimu 20 ulizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990 na sasa unawasha taa katika nchi nyingi duniani.

UKIBONYEZA 1, KISHA 3, KISHA 500, KUNA MTU ANAKATA KINYOTA

Simu yako ya vitufe, ile isiyojua intaneti, hutuma majibu yako, nayo huifikia programu yakiwa yameshonwa kwa vinyota. Chukua huduma za simu zinazojengwa kupitia Africa's Talking, kampuni iliyoanzia Nairobi mwaka 2010. Mteja akipiga msimbo unaoanza kwa kinyota na kuishia kwa alama ya reli (#), menyu inafunguka. Akichagua 1, kompyuta inapokea "1". Akichagua 3, haipokei "3" bali "1*3". Akiandika 500, inapokea "1*3*500". Safari nzima inarudiwa tangu mwanzo kila mara, kama mtoto aliyetumwa dukani anayerudia orodha yote njiani ili asisahau.

Kazi ya programu ni kukata kwenye kinyota na kuhesabu vipande. Kipande kimoja: mteja ameshajibu menyu ya kwanza. Vitatu: ameshataja kiasi. Idadi ya pingili ndiyo inayosema mtu amefika wapi! Naliona jambo hili zuri mno, kwa sababu mkulima wa Kanyangi anayeulizia bei ya pojo kwa simu ya vitufe anafanya kazi na wazo lile lile linalofundishwa darasani kule Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopo Kwavonza, ndani ya eneo bunge lile lile la Kitui Rural.

Programu hizo haziandikwi lazima kwa C. Wengi hutumia Python au PHP, ambayo amri yake ya kukata inaitwa explode, yaani lipua. Lakini PHP yenyewe, na Python ile inayotumiwa na watu wengi, zimeandikwa kwa C. Chini ya kila mlipuko, C ndiyo inayoshika panga.

KINYOTA, RELI NA LUGHA YA C NI WATOTO WA UKOO MMOJA

Simu za kwanza za kubonyeza, zilizotoka Marekani mwaka 1963, zilikuwa na vitufe 10 tu. Kinyota na reli viliongezwa mwaka 1968. Kazi hiyo ni ya kampuni za simu za Bell, na ni katika maabara za Bell hizo hizo, huko Murray Hill, New Jersey, ambako Dennis Ritchie aliunda lugha ya C mnamo 1972. Kwa hiyo unapopiga *334# kufungua M-Pesa, kidole chako kinagusa urithi wa ukoo mmoja mara mbili: alama zilizo kwenye kitufe, na lugha iliyo babu wa mitambo inayozisoma.

PANGA LA C HALIKATI, LINAFUTA

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Ukidhani strtok inachukua mstari wako, inaukata kando na kukuachia ule wa asili ukiwa salama, umekosea. Inauharibu.

Chukua wadi za Kitui Rural zikiwa zimeandikwa hivi, na nimelifupisha jina moja kwa sababu utakayoiona punde: "Kisasi,Mbitini,Kwavonza,Kanyangi". Hesabu: herufi 29 na mikato mitatu, jumla 32. C huongeza alama moja isiyoonekana mwishoni, ikawa baiti 33. Sasa agiza strtok ikate kwenye mkato. Inatembea hadi nafasi ya 7, inaukuta mkato wa kwanza, inaufuta, na mahali pake inaweka sifuri, ile ile alama isiyoonekana ya mwisho wa stringi. Kisha inakuelekeza mwanzo wa mstari na kusema: kipande chako ndicho hiki. Hakuna herufi iliyohamishwa. Hakuna kilichonakiliwa. Kompyuta imedanganywa tu kwamba mstari unaishia "Kisasi".

Ukimaliza kukata vipande vyote na kujaribu kuchapa orodha yako ya mwanzo, unapata neno moja: Kisasi. Kanyangi bado ipo kwenye kumbukumbu, herufi zake nane hazijaguswa, ila hakuna anayeweza kuifikia kwa kusoma kutoka mwanzo. Wanafunzi wengi wa C wamekesha wakitafuta data iliyopotea, kumbe haikwenda popote.

Mbona ifanyike kikatili hivyo? Kwa sababu kumbukumbu ilikuwa ghali. Kompyuta ya PDP-11 ambamo C ilikulia ilikuwa na kumbukumbu iliyohesabiwa kwa maelfu ya baiti, wakati simu ya bei nafuu ya leo huhesabu kwa mabilioni. Kunakili orodha ili tu kuikata kulikuwa anasa. Kufuta mkato hakugharimu hata baiti moja ya ziada.

MWISHO WA KILA STRINGI KUNA SIFURI AMBAYO HUTAIONA

Kabla ya C kulikuwa na lugha iitwayo BCPL, ya Martin Richards wa Cambridge, Uingereza, ambayo iliandika urefu wa stringi mwanzoni kabisa, kama mzigo uliobandikwa uzito wake. Baiti moja haiwezi kubeba namba zaidi ya 255, kwa hiyo stringi haikuweza kuzidi herufi 255, yaani ujumbe mfupi wa simu mmoja na nusu hivi. Waliofuata walichagua njia nyingine: usiandike urefu, weka alama mwishoni, na anayesoma aendelee mpaka aikute. C ikafanya alama hiyo kuwa sifuri. Uamuzi huo mdogo ndio ulioiwezesha strtok kukata kwa kufuta, maana popote unapopanda sifuri, hapo ndipo mwisho.

WADI NNE ZA KITUI RURAL ZINAWEZA KUWA TANO

Jina nililolifupisha ni hili: Kwavonza/Yatta. Ndilo jina rasmi, mkwaju ukiwa ndani yake. Mtu akiandika orodha ya wadi za Kitui Rural na kuzitenganisha kwa mkwaju, kompyuta itamrudishia Kisasi, Mbitini, Kwavonza, Yatta na Kanyangi. Wadi tano, na moja haina mwakilishi!

Vuka uingie Makueni uone burudani yenyewe. Kithungo/Kitundu. Kiteta/Kisau. Emali/Mulala. Nguu/Masumba. Ivingoni/Nzambani. Kitise/Kithuki. Na taji la yote, Nzaui/Kilili/Kalamba, wadi moja yenye majina matatu na mikwaju miwili. Kila jina la namna hii linaeleza maelewano ya kibinadamu: maeneo mawili au matatu yamewekwa pamoja, na hakuna lililokubali jina lake limezwe. Kwa mkaazi, mkwaju huo unaunganisha. Kwa kompyuta iliyoagizwa kukata penye mkwaju, unatenganisha.

Ndiyo maana watu makini, kabla ya kuchagua kitenganishi, huuliza kwanza: alama hii inapatikana ndani ya majina yenyewe? Katika orodha za Ukambani, mkwaju haufai kabisa. Nukta mkato (;) hufaa zaidi.

Nafasi tupu nayo ina mitego yake. Kwavonza huandikwa pia Kwa Vonza. Kata penye nafasi, na mji mmoja unakuwa miwili kutegemea aliyeshika kalamu siku hiyo.

MBITINI ZIKO MBILI

Moja ni wadi ya Kitui Rural. Nyingine ni wadi ya eneo bunge la Makueni, katika kaunti ya Makueni. Kukata vizuri hakutoshi basi. Lazima kipande cha kaunti kisafiri pamoja na kipande cha wadi: 015 kwa Kitui, 017 kwa Makueni, ndipo ijulikane ni Mbitini ipi.

MTO ATHI HAUMO UPANDE WOWOTE

Ukitazama ramani, kaunti hizi mbili zimetenganishwa kwa sehemu kubwa na mto Athi, ambao huko mbele hubadilika jina ukawa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Baada ya strtok kukata, kitenganishi hakionekani katika kipande cha kushoto wala cha kulia, kana kwamba ungeuliza ng'ambo zote mbili na kila moja ikakujibu kwamba ardhi yake inaishia kwenye maji. Tofauti ni kwamba Athi unabaki ukitiririka, na mkato haubaki.

WAZEE WALIJUA KUANDIKA "HAPA HAKUNA KITU" KABLA YA KOMPYUTA

Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 1921, na pamoja nayo ikaenea namna ya kuandika bei ambayo bado unaiona kwenye vibao vya dukani: 2/50 ni shilingi mbili na senti hamsini. Mkwaju unatenganisha shilingi na senti. Na kama senti hazipo? Huachi patupu. Unaandika 5/= au 5/-. Ile alama ya mwisho inasema: nafasi ya senti ipo, nimeiangalia, haina kitu. Hakuna mjanja atakayeongeza 50 hapo baadaye.

Hekima hiyo strtok haina. Ikikuta vitenganishi viwili vimefuatana, inaviruka kana kwamba ni kimoja. Mpe orodha "Mutua,,Kanyangi", ambapo namba ya simu katikati iliachwa wazi, nayo itakurudishia vipande viwili tu. Kanyangi, iliyotakiwa kuwa kipande cha tatu, inakaa kwenye kiti cha namba ya simu. Programu ikijaribu kuipigia Kanyangi simu, usishangae.

Balaa hili huonekana sana kwenye vifaa vya kufuatilia magari, vile vinavyofungwa kwenye matatu na malori. Kifaa cha namna hiyo hupokea kutoka kwenye kipokezi cha setilaiti sentensi zenye herufi zisizozidi 82, zilizotenganishwa kwa mikato. Mahali kama mji wa Kitui panaandikwa hivi: 0122.00,S,03801.00,E, maana yake nyuzi 1 na dakika 22 kusini, nyuzi 38 na dakika 1 mashariki. (Angalia ajabu nyingine hapo: kati ya nyuzi na dakika hakuna alama yoyote. Zinatenganishwa kwa kuhesabu tarakimu tu.) Gari likiingia chini ya paa nene na setilaiti zikapotea, sentensi haikomi. Inaendelea kutoka, ila imejaa mikato mitupu, mkato juu ya mkato. Anayekata kwa strtok atasoma kipande kingine kabisa mahali pa latitudo.

Dawa ilitoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ndani ya mfumo wa BSD wa mwanzoni mwa miaka ya 1990: amri iitwayo strsep, ambayo kila nafasi tupu huirudisha kama kipande kisicho na herufi. Ni ile 5/= ya dukani, imeandikwa kwa C.

SHILINGI 1,500 INAWEZA KUGEUKA SHILINGI 1

Mkato una kazi mbili katika maisha yetu. Hutenganisha vitu kwenye orodha, na hutenganisha maelfu kwenye fedha. Mpe strtok mstari "Mbuzi,1,500,Kanyangi" na mbuzi wako ameuzwa shilingi 1, huku 500 ikichukua mahali pa soko.

Mwaka 2005 ziliandikwa kanuni za faili za mikato, zile ambazo hufunguka katika majedwali ya kompyuta, na jibu lake ni kuvika namba kama hiyo alama za kunukuu: "1,500". Mkato ulio ndani ya alama za kunukuu si kifundo. Lakini strtok haijui alama za kunukuu ni nini, inapita ndani yake kama mbuzi anavyopita kwenye ua wa miiba ulioachwa wazi. Wajerumani na Wafaransa wana shida kubwa kuliko yetu: kwao mkato huandikwa mahali tunapoandika nukta ya desimali, ndiyo sababu majedwali yao mara nyingi hutenganishwa kwa nukta mkato.

PANGA MOJA HALIKATI MASHAMBA MAWILI KWA WAKATI MMOJA

Strtok ina kumbukumbu moja tu ya kujua iliishia wapi. Sasa fikiria orodha ya Kitui nzima: maeneo bunge manane yametenganishwa kwa nukta mkato, na ndani ya kila eneo bunge, wadi zimetenganishwa kwa mikato. Mwanzilishi huandika hivi: kata eneo bunge la kwanza, kisha kata wadi zake, kisha rudi ukate eneo bunge la pili.

Orodha ikianza na Mwingi North, atapata Ngomeni, Kyuso, Mumoni, Tseikuru na Tharaka. Halafu kimya. Programu haitoi kosa, hailii. Inamaliza salama na kutangaza kwamba Kitui ina eneo bunge moja lenye wadi tano, wakati ina manane yenye wadi 40. Kilichotokea ni kwamba kukata wadi kulifuta alama ya mahali pa kukata maeneo bunge, na strtok iliporudi ikadhani imeshafika mwisho. Kanyangi haikufikiwa.

Kinga yake ni strtok_r, ndugu mdogo ambaye hukudai wewe mwenyewe ushike alama ya ulipoishia. Ukiwa na orodha mbili, unashika alama mbili. Naipenda kwa unyofu wake: kazi ya kukumbuka imerudishwa kwa mwenye orodha.

KUNA MANENO YASIYOKUBALI PANGA

Stringi iliyoandikwa moja kwa moja ndani ya programu huhifadhiwa mara nyingi kwenye sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusu kuandikwa. Mwambie strtok aikate, naye akijaribu kufuta mkato, mfumo mzima wa ulinzi unamdaka na programu inakufa papo hapo. Inakili kwanza mahali panapoandikika, ndipo ukate.

NENO MOJA LA KISWAHILI LINA UZITO WA MATANO

"Hawatatuambia." Ukikata penye nafasi, hilo ni kipande kimoja. Wazo hilo hilo kwa Kiingereza lingetoka vipande vitano. Ndani ya neno letu kuna ukanushaji, watu wanaozungumziwa, wakati ujao, sisi tunaoambiwa na tendo lenyewe, vyote vimebanana bila kifundo kinachoonekana. Programu ya kuhesabu maneno itasema mwandishi wa Kiswahili ni mvivu, kumbe amesema mengi kwa nafasi chache. Na Kikamba, kwa kuwa ni ndugu wa Kibantu, hufunga mizigo yake vivyo hivyo.

Ritifaa nayo inasumbua. Katika orodha ambayo kila jina limefungwa kwa ritifaa mwanzo na mwisho, jina Ng'ang'a hufunguka na kufungwa kabla halijafika popote, na ng'ombe hubaki "ng".

WATUNZI WA PWANI WALIKUWA NA VITENGANISHI VYA KUPENDEZA

Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ni wa jamii ya tungo ambazo kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane. Katika miswada mingi ya tenzi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ubeti wote hukaa kwenye mstari mmoja, na vipande vyake hutenganishwa kwa alama ndogo iliyochorwa kwa wino. Msomaji hakuhitaji mstari mpya ili ajue avute pumzi wapi. Jicho lilikata lenyewe, na alama ilibaki pale pale kwa msomaji wa kesho. Ni usomaji wa stringi bila kuiharibu, zaidi ya miaka 240 kabla ya C.

HERUFI MBILI ZA KIKAMBA ZINASHIRIKI NUSU YA MWILI

Andika Kĩkamba kwa tahajia kamili na uhesabu: herufi saba. Kompyuta inahesabu baiti nane. Ile ĩ inachukua baiti mbili, kwa mpango uitwao UTF-8 uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Walihakikisha jambo moja la thamani kubwa: mkato, mkwaju au kinyota haviwezi kamwe kujitokeza ndani ya herufi za baiti mbili. Kwa hiyo unaweza kukata orodha ya majina ya Kikamba penye mkato bila hofu ya kuijeruhi hata herufi moja.

Lakini ole wako ukiifanya ĩ yenyewe kuwa kitenganishi. Strtok haichukui kitenganishi kama neno. Inachukua kila baiti uliyoipa kama kisu cha peke yake. Baiti za ĩ ni C4 na A9. Baiti za ũ ni C5 na A9. Umeona? Ya pili ni ile ile! Ukiagiza ikate penye ĩ, itakata pia katikati ya kila ũ, na kukuachia nusu herufi ambazo hakuna simu inayoweza kuzionyesha. Herufi mbili zinazoitofautisha sauti ya Kikamba zimeshikana mkono mahali ambapo jicho halifiki.

MKWAJU NI NAMBA 47

Kila alama kwenye kompyuta ina namba yake. Nafasi tupu ni 32, reli ni 35, kinyota ni 42, mkato ni 44. Mkwaju, ile alama inayoishi ndani ya majina ya wadi zetu, ni 47, idadi ile ile ya kaunti za Kenya. Hakuna aliyepanga hivyo. Namba za alama zilipitishwa Marekani mwaka 1963, nusu karne kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013.

Na mkwaju kabla haujawa alama ya uandishi ni mti, ule wenye matunda machachu unaostahimili ukame na kumea vizuri katika ardhi ya Ukambani. Kwa Kikamba mti huo unaitwa kithumula. Sasa fungua orodha ya wadi za Kitui West. Iko moja inaitwa Kwa Mutonga/Kithumula: mkwaju katikati, na mkwaju mwishoni.